Tumbo la Mama Deoksu

Mokpo, 6 Novemba 2023

Baba Deoksu,

Salamu nyingi. Mgongo unaendeleaje? Unakula, au unakunywa pombe ya soju na kuiita chakula? Nakuandikia kwa sababu masikio yangu na simu havielewani tena.

Nyonga inapona, nasimama nikishika kitanda. Kikohozi kile cha mapafu kimekwisha, ila dawa walizonipa zimenivuruga tumbo. Naharisha. Bibi Pillye, mwenzangu wa chumba hapa makao ya wazee, naye ameanza. Wanasema ni kijidudu cha utumbo, kinapenda wazee waliomeza dawa kali. Tumefungiwa mlango, na chakula tunaletewa humu humu.

Jumapili usije. Nanuka.

Kabichi zikivunwa, mwite mke wa jirani Gapsu akusaidie kuzitia chumvi ziwe kimchi. Usijifanye unajua.

Mkeo,
Mama Deoksu


Haenam, 13 Novemba 2023

Mama Deoksu,

Nimeipata barua yako, na mgongo wangu unakusalimu, bado uko mahali pake. Hali yako wewe ndiyo nauliza. Umepata nafuu?

Jumapili nilikuja. Tangu lini nikakusikiliza? Muuguzi Ara alinizuia mlangoni. "Babu, ghorofa nzima wanaumwa tumbo, wageni hatupokei." Akanipeleka kwenye sinki akanifundisha kunawa mikono kama mtoto wa chekechea, kwa maji na sabuni, maana ile dawa ya kupaka mikononi haikiui kijidudu hiki. Nikamuuliza, "Sasa mbona unaninawisha na huniruhusu kuingia?" Akacheka, lakini hakufungua. Peasi nilizokuletea nimemwachia yeye.

Kabichi nimetia chumvi mwenyewe. Mke wa Gapsu ameonja jani moja, akaenda zake kutafuta maji.

Niandikie.

Mumeo,
Baba Deoksu


Haenam, 27 Novemba 2023

Mama Deoksu,

U hali gani? Mimi mzima, lakini sina raha. Kila nikisikia pikipiki ya posta natoka nje, kumbe imeleta bili ya umeme tu.

Leo nimempigia Ara. Kwanza alisema unaendelea vizuri. Nikamwambia, "Binti yangu, mimi ni mzee, si mjinga." Ndipo akaniambia. Umekataa uji. Hata maji unayatema. Umemwambia kwamba usipokula hutachafua, na usipochafua hakuna atakayelazimika kukugeuza na kukufuta.

Nimekaa barazani mpaka miguu ikafa ganzi. Wewe mwanamke! Unamkumbuka mama yangu miaka ile ya mwisho, alivyokuwa akilia kwa aibu ukimwosha? Ulimwambia, "Mama, wewe una tumbo, mimi nina mikono. Tugombane nini?" Akakuachia. Sasa tumbo ni lako, na mikono ninayo mimi. Nimetoa mavi ya ng'ombe tangu sijaota ndevu. Unadhani utanitisha?

Mkuu wa makao amekubali niingie, nikivaa wanavyotaka. Ijumaa nakuja. Kunywa maji, tafadhali. Leo nakuomba, sikuamrishi.

Mumeo,
Baba Deoksu


Mokpo, 11 Desemba 2023

Baba Deoksu,

Hujambo, mume wangu? Ulifika salama na baridi ile? Mwandiko wangu mbovu, soma polepole.

Ulipoingia sikukujua. Lile vazi la manjano, glavu, barakoa: gunia la mbolea lililovaa miwani. Nikafunika uso kwa shuka. Nilitaka kufa kwa aibu ulipofungua nepi. Ukawa unaguna, "Geuka kidogo, mama... hapana, huku... ah, hiki kitu mbele ni wapi?" Ukaivalisha kinyumenyume! Ara alipokuja kuifungua na kuifunga upya nilicheka hadi mbavu zikauma. Nilikuwa nimesahau kwamba naweza kucheka. Uliponilisha ule uji nilikula kwa sababu ulikuwa umefungua mdomo na wewe, kama unalisha mtoto.

Sasa nakunywa. Dawa mpya imenikubali vizuri, tumbo limetulia.

Bibi Pillye ametutoka Jumanne. Alikauka tu, kama nguo kwenye kamba. Binti yake alitoka Seoul, akamshika mkono akiwa na glavu, akawa anauliza, "Mama, unanisikia? Ni mimi." Baadaye wakapiga deki kwa klorini, wakatoa godoro. Mchana nageuka kumwambia jambo, nakuta kitanda kitupu.

Ara hanifichi. Anasema ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Baba Deoksu, ugonjwa ukirudi, sitaki unikute hapa. Najua una miaka themanini na tatu. Najua na mgongo wako. Nimejizuia kulisema hili, nimeshindwa. Nataka nyumbani.

Mkeo,
Mama Deoksu


Haenam, 19 Desemba 2023

Mama Deoksu,

Mke wangu, habari ya tumbo? Hapa theluji imeanguka kidogo, nami sijambo.

Nimezungumza na daktari. Kwa kuwa choo chako kimekuwa kizuri na dawa umemaliza, ameruhusu. Choo cha ndani kitakuwa chako peke yako, mimi nitatumia kile cha uani. Klorini ninayo, na sabuni ya kutosha kijiji kizima. Muuguzi wa wilaya atapita kukuangalia, na ukiharisha tena nimpigie siku hiyo hiyo.

Deoksu alinifokea kwenye simu. "Baba, utamuua mama na utajiua na wewe!" Nikamwambia, "Mwanangu, huenda. Lakini mama yako ameniomba kitu. Mara ya mwisho kuniomba kitu ulikuwa hujazaliwa." Nikamsikia analia. Anakuja kutusaidia wiki ya kwanza.

Kimchi usiulize.

Sakafu ya chumba chetu nimeiwashia moto chini yake tangu jana, ipate joto vizuri. Alhamisi asubuhi Gapsu ananileta na gari lake kukuchukua. Vaa soksi mbili.

Barua hii usiijibu. Kabla hujapata kalamu nitakuwa mlangoni.

Mumeo,
Baba Deoksu