Dawa ya Bijou Imerudi Yote

Makiso, Kisangani

Yaya Agathe, dada yetu mukubwa,

Samaki ya moshi tulipata, aksanti. Watoto walinyonya mpaka mifupa. Binti yangu Bijou naye alifika muzuri toka vakansi ya masomo kwako Yanonge. Ila mashavu yake imekuwa tena nyekundu, na vidole inamuuma, hawezi kufunga vifungo ya robe.

Dokta alikuambia mbele yangu: ugonjwa ya lupus haiponi, inatulizwa na dawa ya kila siku na kukimbia jua. Dawa nilikupa mukononi. Leo nimeikuta yote ndani ya sakoshi yake, pamoja na chupa ya mafuta ya maombi ya kanisa yenu. Nani alimwambia aache?

Sisemi ni wewe.

Anauliza kama atarudi kwako vakansi kubwa. Nimemujibu jua ya Yanonge iko kali sana.

Muke ya ndugu yako,
Honorine