Kulinyoosha Gobori la Babu

Jumatatu, 4 Agosti

Toka Ramisi mpaka Shimoni hakuna mwanamume mwenye shabaha kama yangu. Nzi akipita namuuliza nimvunje bawa lipi. Ni hili gobori la Babu tu ambalo halijanijua vizuri.

Leo nimelisugua tena. Mafuta ya nazi ndani ya mtutu, kitambaa kwenye ufito wa kushindilia, ingiza, toa, ingiza, toa. Kitambaa kimetoka cheusi kama kitako cha sufuria. Babu alikuwa kibarazani. Macho yake yameingia ukungu, hata mkono wake haoni, lakini masikio hayajazeeka.

"Kassimu, unaosha bunduki au unakanda chapati?"

Mzee ana kinywa huyu.

Amerudia mbele ya Bakari: yeye uwindaji umemshinda. Gobori litakwenda kwa mjukuu atakayeangusha kulungu mmoja kati ya hawa wanaotumalizia kunde, na akachinjwa kihalali. Ni mimi au Bakari. Bakari ni mtoto wa Ami Rashidi, mkata miwa, mikono kama makafi. Mimi ni mtoto wa mtoto wa kwanza. Gobori ni langu. Likienda kwa Bakari nitahama mji huu. Serikali imekataza kuwinda, najua. Hao kulungu nani aliyewakataza kunde?

Jumatano, 6 Agosti

Tumejaribu shabaha. Kifuu juu ya kichuguu. Nimepiga, kifuu kimekaa. Nimepiga tena, kifuu kimekaa. Bakari amepiga, kifuu vipande.

Bahati ya mkata miwa.

Kosa ni la risasi. Inacheza ndani ya mtutu kama kokwa ndani ya njuga. Babu amenifundisha: izungushie kitambaa chembamba kilichopakwa mafuta, ikae imebana, ndipo itoke imenyooka. Na baruti ipimwe kwa kipimo kimoja siku zote, usikadirie kwa kiganja. Sasa natumia kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi. "Mpe chakula kimoja kila siku," anasema Babu, "naye atakupa tabia moja kila siku."

Nimemwambia hayo yote nilikuwa nayajua. Amecheka mpaka akakohoa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepiga tupa ile alama ya mbele ya kulengea, ilikuwa imelalia kulia. Nimekata mti wa panda niegemezee mtutu. Baruti kipimo kimoja. Kitambaa, mafuta, kila kitu. Fundi wa Ulaya asingefanya zaidi.

Jogoo wa Mama amekufa. Kichwa hakijaonekana mpaka sasa.

Nimemwambia Mama nilimkusudia. Jicho la kushoto. Amenipiga mwiko wa mgongo, mwiko umekatika. Nyama yenyewe haikulika, nani ale mzoga? Wamepewa mbwa. Bakari amekaa chini ameshika mbavu. "Kulungu wakisikia sifa zako watahamia kuishi kwenye kifuu!" Nimemrushia nusu ya mwiko. Nayo nikamkosa.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkono wangu umefungwa kitambaa. Nitaandika hivyo hivyo.

Alfajiri baada ya swala tulikwenda kwenye kunde. Zamu ya Bakari kupiga, mimi nishike kisu. Kwetu ndivyo ilivyo: risasi haihalalishi nyama. Mnyama aliyekufa kwa risasi ni mzoga tu kama jogoo wa Mama. Lazima kisu kiiwahi roho. Kwa hiyo mmoja anapiga, mwenziwe anakaa nyuma yake, na gobori likishalia anakimbia kama mwizi, anapiga bismillahi na kuchinja.

Alitoka kulungu dume. Bakari akapiga. Bega likavunjika, nilisikia mfupa. Nikakimbia, nikajikwaa kwenye jiti, nikaanguka, nikakimbia tena. Nilimkuta kwenye kichaka amelala ubavu, anapiga mateke, povu jekundu puani. Nikamshika pembe. Akanichana mkono toka kiwiko mpaka karibu na kiganja. Nikamwachia. Nikarudi kumshika. Kisu kilipofika shingoni, damu haikuruka. Ilichuruzika tu.

Alikuwa ameshakufa.

Dume zima, nyama ya mji mzima, wamekula mbwa. Wamempasua tumbo mbele yetu, wakawa wanang'ang'ania utumbo huku na huku. Bakari akanitia kofi. Nikamtia kichwa puani. Tukapigana palepale kwenye damu ya kulungu mpaka haikujulikana ipi yake, ipi yangu, ipi ya mnyama.

Babu amesema dume lile halihesabiki. Alhamdulillahi. Nimefurahi. Siwezi kusema uongo, nimefurahi sana.

Jumapili, 10 Agosti

Bakari simsemeshi. Mkono unawaka moto. Mama amekataa kuosha shati langu.

Jumatano, 13 Agosti

Bakari amekuja na miwa miwili, pua imevimba kama andazi. Tumekula miwa, tumepatana. Haikuchukua maneno mengi.

Kesho ni zamu yangu. Jike na dume mwingine wameonekana kwenye kunde. Babu amesema gobori atalishindilia mwenyewe, kwa mikono yake, aone kama nitakosa na baruti aliyoipima yeye. Nimemwambia aandae kisu na sufuria tu.

Bakari anataka kesho akae mbele, pembeni mwa kunde, kisu kisichelewe tena kama kilivyochelewa kwa mtu fulani. Babu amekataa. "Mwenye kisu hukaa nyuma ya mtutu."

"Babu, nyuma tulikaa. Tukalisha mbwa."

"Utakaa pembeni sana?"

"Pembeni sana, Babu. Na Kassimu si ana shabaha?"

Wote wakanitazama, hata Babu asiyeona. Nikasema ninayo.

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika kama nilivyowaeleza.

Kulungu alitoka upande wa kushoto. Jike, mnene. Bakari alikuwa kulia, amechutama nyuma ya mhogo, kisu mkononi. Mbali na shabaha yangu. Nikavuta. Gobori likasita. Fataki ya kuwashia ikalia peke yake, tak, baruti isishike. Nikadhani limekataa. Nikalishusha, nikageuka. Ndipo likalipuka.

Moshi. Kulungu amekwenda zake.

Bakari hakupiga kelele kwanza. Alikuwa anaangalia mguu wake kama mtu aliyepewa kitu si chake. Chini ya goti palikuwa pamefumuka, mfupa umetoka mweupe na vipande vya kaniki ya suruali vimeingia ndani ya nyama. Kisha akalia. Sijapata kusikia mtu akilia vile. Nimefunga kwa kanzu yangu. Ikajaa. Nimefunga kwa shati lake. Likajaa. Nimembeba mgongoni mpaka barabarani, damu yake inanishuka miguuni imeingia kwenye viatu, navyo vinateleza kwa ndani.

Njiani alikuwa ananiambia, "Kassimu, usinidondoshe."

Sikumdondosha.

Ijumaa, 15 Agosti

Mguu umekatwa. Chini ya goti kidogo.

Ami Rashidi amekuja toka hospitali na panga. Hakutoa salamu. Amenipiga kwa bapa la panga usoni, jino limekwenda. Nikaanguka, akanikanyaga shingo. Mama anapiga ukelele, majirani wamejaa ua. Nikawa nasema, "Lilisita, Ami! Wallahi lilisita! Baruti ilikuwa mbovu!"

Babu akasimama kibarazani akipapasa nguzo. "Rashidi, mwache mtoto. Baruti nilishindilia mimi. Kama ilikuwa na unyevu, ni mimi nisiyeona. Nipige mimi."

Na Ami alimpiga. Baba yake mzazi. Amemsukuma kifuani, mzee akaanguka toka kibarazani mpaka chini, kofia ikaviringika kwenye mchanga. Halafu Ami mwenyewe akakaa palepale chini akalia kama mtoto, akimpangusa mchanga usoni.

Babu aliomba shoka. Alilipapasa gobori lote, kitako, mtambo, alama ya mbele niliyoipiga tupa. Akalilaza juu ya gogo. Akalipiga mpaka kitako kikatawanyika na mtutu ukapinda. Shoka moja lilimpitia kidole gumba. Hakuacha.

Jumanne, 19 Agosti

Nimekwenda kumwona Bakari. Wodi ina harufu ya dawa na ya vidonda. Shuka limelala bapa pale mguu ulipokuwa. Nilitaka kumtania. Alianza yeye.

"Shabaha unayo, mwenzangu. Umempata mkubwa kuliko kulungu."

Kisha akauliza taratibu, "Lilisita kweli?"

"Lilisita."

"Basi ni kudra." Akafunga macho. "Mwambie Babu asijilaumu sana."

Chifu amepata habari. Babu anatakiwa aende kwake Jumatatu, na vipande vya gobori. Vijana wa mjini wananiita shujaa, ati nilimbeba mtu mgongoni mpaka barabarani.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimemkogesha Babu, nimemfunga kidole kitambaa safi, nimempeleka msikitini. Hakula mchana. Siku hizi anauliza jambo moja tu. "Kassimu, uliponiletea ile baruti, uliiona ina unyevu?" Namjibu labda. Anatikisa kichwa. Anasugua vidole vyake kama bado anaipima.

Kunde zimebaki mashina. Hakuna anayekwenda.

Baruti ya Babu ilikuwa kavu. Gobori halikusita hata kidogo. Lililia palepale nilipovuta. Naogopa mlio wake. Kila nilipolipiga, toka kile kifuu cha kwanza, nilikuwa nafumba macho na kugeuza uso, na mtutu unanifuata uso unakoelekea. Alhamisi ile uso wangu ulielekea kwa Bakari.