Sentensi Niliyoimeza Flensburg

Tønder, Jumanne

Dada mpendwa Ragnhild,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mungu nimemzungukazunguka tu. Lakini kwanza salamu. Hujambo? Mtoto ameshaota meno? Mimi mzima. Baba hajambo kidogo, na hapo ndipo penye habari.

Unajua ana uvimbe kooni. Hospitali yetu ina foleni, ikampeleka ng'ambo ya mpaka, Flensburg, Ujerumani, kupigwa mionzi wiki sita. Kijerumani hajui, na kwa ukaidi wake alimkataa mkalimani, eti anaye kasuku wake aliyesomeshwa kwa lugha mbili. Kasuku ndiye mimi.

Siku ya kwanza Daktari Frauke alinieleza polepole, nimfikishie Baba. Alisema uvimbe hukua upesi kuliko mishipa yake ya damu, kwa hiyo katikati hukosa oksijeni. Ungedhani uvimbe wenyewe utakufa. Wapi! Seli nyingine hufa, lakini zinazobaki huwa sugu: huita mishipa mipya, huhamia kwingine, na mionzi haiziumizi sana, maana nayo hufanya kazi vizuri penye oksijeni. Moshi wa sigara huipunguza oksijeni kwenye damu. Basi asivute hata moja mpaka amalize. Akauliza kama anavuta.

Baba akanigusa kwa kiwiko: bibi anaimba nini, we kasuku?

Nikakumbuka mazishi ya Mama. Wewe mvuani, Baba mlangoni pa kanisa akisema aliyelitoroka shamba hana mama humu. Mama ulimzika kwa kuchungulia juu ya ukuta, dada. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nikaapa atalipa.

Nikamwambia Baba anatakiwa awe na subira, anywe maji. Daktari nikamwambia sigara aliacha tangu Krismasi. Wote wawili wakanishukuru.

Tukirudi alisimama duka la mpakani, kwa sababu sigara za kule ni rahisi, akanunua katoni. Nikambebea. Wiki tatu sasa anavuta garini, nami namtazama, na ndani yangu kuna kitu kinachekelea.

Leo picha zimetoka. Uvimbe haujapungua hata chembe, na tezi ya shingo imevimba. Daktari anashangaa. Njiani, tulipofika darajani, Baba akauliza kama ninayo anwani yako. Nikuandikie kwamba pale kanisani alikosea. Mwenyewe hajui aanzie wapi.

Usidhani nililia. Nilikasirika: miaka minne, ndiyo anakumbuka leo? Nusu yangu bado inasema mwache aungue. Lakini zimebaki wiki tatu za mionzi, na kiberiti chake nimekichukua tulipofika, sijui kwa nini.

Nakuuliza wewe uliyekosewa: nimwambie? Msalimu shemeji, na mtoto mbusu visigino.

Mdogo wako,
Thyra

Namsikia anapanda ngazi, anakohoa. Amesimama mlangoni. Anauliza, we kasuku, kiberiti changu kiko wapi?

Kiko mkononi mwangu. Nafunika karatasi hii.