Wimbo Kwanza, Hadithi Baadaye

Jumatatu, 7 Machi

Shemeji amerudi kutoka hospitali. Alinikuta kichwa kiko ndani ya sofa la mteja, natafuta spring iliyokatika. Akakaa juu ya sofa hilohilo. Nikajua habari si nzuri. Mwenye habari nzuri huchagua kiti kisicho na fundi ndani.

Daktari kasema zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, litolewe lote, Jumanne ijayo. Uvimbe umeshamaliza upande mmoja na sasa unautamani wa pili. Likitolewa ataishi — atakula, atatembea, atamlea mwanawe, atapumua kwa tundu hapa shingoni. Kuongea, basi tena.

“Miaka yote hii nina zoloto na sijui,” akasema. “Nimeambiwa jina lake siku linapofukuzwa.”

Nikacheka. Naye akacheka, kwa ile sauti iliyoanza kukwaruza mwaka jana. Sisi wa bendi yake tuliisifu! Hilo ndilo linalonikaba. Mtu mwingine sauti ikimharibika, nduguze humwambia nenda ukapimwe. Sisi tulimpigia makofi. Tukasema Msumeno, jina lake la jukwaani, sasa kaiva. Fundi bati, mpiga ngoma wetu, alimuuliza anakunywa nini ili naye akinywe.

Mke wangu, ambaye ni dada yake mkubwa, alisikia yote akiwa mlangoni. Hakulia. Alikwenda kuosha vyombo. Vilikuwa safi.

Jumanne, 8 Machi

Mke wangu kaamka na hoja.

Shemeji na bintiye wanakaa chumba chetu cha nyuma tangu mama wa mtoto alipofariki. Mtoto ana miaka minne. Kila jioni baba yake humsimulia habari za mbuzi aliyekataa kunyolewa ndevu. Haziishi. Mbuzi kamkimbia kinyozi, kajificha benki, kapewa ukarani, juzi kashtakiwa kwa kula faili. Mtu huyuhuyu akishika maikrofoni hunguruma mpaka majirani wanafunga madirisha. Akikaa kitandani kwa mtoto, sauti inalegea kama uji.

“Huyo mbuzi namtaka ndani ya kanda,” kasema mke wangu. “Mtoto atakua hajui baba yake alikuwa na sauti gani. Hilo halitokei mbele yangu.”

Shemeji kaguna. “Sauti yangu ni ya kwenye wimbo, dada. Hii nyingine ni ya kuulizia chumvi.”

“Basi ulizia chumvi! Mtoto abaki hata na hiyo!”

Wamebishana mpaka chai ikapoa. Mwisho kakubali, kwa sharti. Na wimbo unaswe. Jumamosi, karakana kwangu, ule tunaouita Kutu. Hatujawahi kuunasa vizuri — yaani vibaya inavyotakiwa.

Baadaye mke wangu kanivuta jikoni. Hadithi kwanza, umenisikia? Hadithi kwanza. Nikasema ndiyo. Ile ndiyo ya mume.

Alhamisi, 10 Machi

Nimekwenda kwa fundi bati. Alikuwa anakunja mfereji wa paa, akaendelea kuukunja wakati namweleza. Nilipomaliza mfereji ulikuwa umekunjwa mpaka haufai. Jumamosi atakuja, kasema. Hakuuliza saa.

Nimerudi nikachimbua kanda ya kwanza kabisa, ile aliyopewa shemeji na kijana wa melini. Nakala ya nakala ya nakala. Juu yake mtu kaandika kwa kalamu ya wino jina ambalo halisomeki, na nadhani halikukusudiwa kusomeka. Tulikuwa na umri gani? Tulikuwa na nywele.

Wiki ile tulikuwa tumemzika baba yangu. Kila aliyekuja alisema yamepita, jikaze, mzee kapumzika. Redioni nyimbo tamu tupu. Shemeji — wakati huo bado si shemeji, ni rafiki anayemlinda dada yake nisimwangalie sana — akaja na kanda hii. Kwanza nikadhani redio imeharibika. Mvumo kama mvua juu ya mabati. Ngoma kama mtu anayeanguka ngazini asifike chini. Gitaa limechafuka, huwezi kujua kidole kiko wapi. Halafu hiyo sauti! Si ya kuimba. Ni ya mtu aliyebanwa kidole mlangoni na hataki kuomba msamaha.

Nikasikiliza mpaka mwisho. Nikageuza upande wa pili. Ndicho kitu cha kwanza wiki ile kilichokubaliana nami kwamba hali ni mbaya. Hakikunipa pole. Hakikunibembeleza nikipende. Na nilijua, fundi nikiwa fundi, kwamba waliokitengeneza walikuwa katika chumba kama changu, na spika iliyochanika kama yangu. Vitu safi vimetengenezwa na watu wengine. Hiki kilikuwa cha mtu kama mimi.

Tukawa na kanuni zetu. Kinasa sauti kiwekwe juu mpaka sindano ya kipimo cha sauti ilale kwenye nyekundu, isiamke. Kanda haina nafasi ya mazungumzo, kwa hiyo kitufe kinabonyezwa baada ya fundi bati kugonga vijiti mara nne — si kabla. Na wimbo haurudiwi. Kilichotoka kimetoka.

Mke wangu hajawahi kuuelewa muziki huu. Kasema siku moja, mkiisha kuugua mtaniambia.

Jumamosi, 12 Machi

Nimechoka lakini niandike sasa hivi.

Tumeziba dirisha kwa magodoro ya sponji. Kochi la mteja mmoja, mwanasheria, tukalisimamisha mlangoni. Hajui huduma aliyotupa. Fundi bati kaleta ngoma zake na pipa moja aliloziba mwenyewe. Mpiga gitaa alihamia mbali siku nyingi, kwa hiyo mimi nikabaki na besi peke yangu, nimeikaza mpaka inaguna.

Mke wangu kamtandikia shemeji kiti chenye mto. Kinasa sauti mezani, maikrofoni imesimamishwa ndani ya kopo tupu la gundi. Mtoto kapelekwa kwa jirani.

Shemeji kakaa kwenye kiti. Katazama maikrofoni. Kisha kasimama.

“Wimbo kwanza,” akasema. “Koo likiwa jipya. Nikianza na mbuzi nitachoka.”

Mke wangu akanitazama. Fundi bati akanitazama. Hata shemeji. Nami nikatazama kigingi cha kukazia nyuzi za besi kana kwamba kimeniita. “Wimbo si mrefu,” nikasema.

Nani alisema? Mimi nilisema.

Mke wangu akatoka nje, akasimama juani, mikono kifuani.

Vijiti, mara nne. Nikabonyeza. Na hapo — sijui niandikeje. Tulikuwa wazee wawili na mgonjwa mmoja, na tukapiga kama watu waliokuwa wanatafutwa. Pipa la bati likawa linapasua sikio. Vidole vyangu vinashonea viti tangu asubuhi, havikulalamika. Shemeji alikuwa kafumba macho, kaishika maikrofoni kwa mikono miwili kama mtu anayekunywa maji mtoni. Ile sauti ikatoka. Haikuwa na maneno tena, ingawa maneno niliyaandika mwenyewe na yalikuwa mazuri! Nilisikia misumari ikitikisika kwenye makopo yake. Sijawahi kumsikia hivyo. Sijawahi kumsikia mtu yeyote hivyo. Nilifurahi, ndiyo. Nilifurahi kupita kiasi, na ninaandika hapa kwa sababu hapana mwingine wa kumwambia.

Alipomaliza akakaa chini, sakafuni, kwenye vipande vya vitambaa. Akakohoa kwenye kitambaa. Kikatoka chekundu. Akakikunja haraka, lakini mke wangu alikuwa keshaingia.

Hakuna aliyepiga kelele. Akampa maji. Fundi bati akaanza kufungua pipa lake, taratibu, kama mtu anayemvua nguo mtoto aliyelala.

“Hadithi,” akasema mke wangu.

Shemeji akaonyesha kwa kidole: kesho.

Jumapili, 13 Machi

Hakuna sauti. Kabisa. Hata mnong’ono unatoka nusu. Anapumua tu kwa umbo la maneno.

Mchana mke wangu kasema basi tusikilize hiyo mliyonasa. Tumsikie hata huko. Tukakaa watatu mezani, shemeji kati, nikabonyeza.

Nyekundu tupu. Mvumo, bati, besi yangu, na juu yake kitu kinachokwaruza kutoka mwanzo hadi mwisho. Ni kizuri. Ndiyo kanda mbaya nzuri kuliko zote tulizowahi kutengeneza. Lakini ni nani anayepiga kelele pale? Anaweza kuwa mtu yeyote. Anaweza kuwa mashine ya kupasulia mbao. Miaka yote tulitaka hivyo, sauti isiyo ya mtu. Tumeipata.

“Yuko wapi?” kauliza mke wangu.

“Ndiye huyo.”

“Wapi? Mwanzoni hakusema kitu? Hata ‘haya tuanze’? Alisema kuhusu koo, alisema mambo ya mbuzi, nilisikia mwenyewe!”

Alisema. Lakini vijiti vilikuwa havijagongwa. Kanuni ni kanuni. Kila neno alilosema shemeji jana kwa sauti yake ya chumvi, nililiacha lipite nikiwa nimeweka kidole juu ya kitufe.

Mke wangu kainuka kaenda chumbani. Sisi wawili tukabaki. Shemeji kanigonga begani, kainua dole gumba kuelekea redio. Kapenda besi. Ningependa anitukane.

Jumatatu, 14 Machi

Kalazwa. Tumemsindikiza, na mtoto pia. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Jirani yake mzee mwenye mguu kwenye plasta kamuuliza mara tatu kazi yake. Nikajibu mimi, mwimbaji. Mzee kasema oho, atuimbie basi. Mke wangu kageukia ukutani. Mabega yakamtetemeka, sijui kicheko, sijui kilio. Nadhani alikuwa hajui pia.

Nilikuwa nimeficha kinasa sauti ndani ya mfuko wa matunda. Safari hii sauti chini, na kitufe nimebonyeza kabla hatujakaa. Shemeji kauelewa mpango. Kajaribu. Kasogeza mdomo, mishipa ya shingo imemsimama — hewa tu. Kajaribu tena. Mtoto anamwangalia mdomo kwa makini, kama anayesubiri kuku atage.

Akaacha. Akaweka vidole viwili kichwani, pembe. Akavuta ndevu ndefu hewani. Akawa hakimu, akawa kinyozi na mkasi, akawa mbuzi aliyepanda meza ya mahakama. Mtoto kacheka mpaka kashikwa na kwikwi. Mzee wa plasta kacheka. Muuguzi alikuja kutunyamazisha, akakaa hadi mbuzi akaachiwa huru.

Nimesikiliza tuliporudi. Mtoto anacheka, kitanda kinalia, mzee anasema “mpe, mpe huyo!” Mbuzi hayumo. Baba mtu hayumo.

Jumanne, 15 Machi

Wamemwingiza chumba cha upasuaji asubuhi. Mke wangu yuko kule. Mimi nimebaki na mtoto karakana. Mwanasheria anataka kochi lake. Nashona mshono mmoja, nafumua miwili.

Mtoto kauliza baba anarudi lini. Siku chache. Kauliza akirudi mbuzi ataendelea? Nikasema ngoja nikusikilizishe ulivyocheka jana. Nikabonyeza.

Nikakosea upande wa kanda. Kutu ikalipuka! Nikaruka kuzima, kanishika mkono.

“Mwache, anko.”

“Mwache nani?”

“Baba.”

Nimemwuliza wapi. Nimemwuliza kwa kweli, kama mteja anayeuliza bei. Kanitazama kwa huruma. Kasogeza sikio kwenye spika, nami nikainama nikaweka langu upande wa pili, na yeye akawa ananionyesha kwa kidole, hewani, kana kwamba wote wawili tunatazama picha. “Hapo anavuta pumzi. Umesikia? Anavuta kama akitaka kupanda kitanda.” Ndiyo. Nilisikia. “Hapo kachoka.” Kweli. “Hapo anakuita.”

“Ananiita mimi?”

“Umekwenda mbio, anko. Anakwambia umngoje.”

Na ni kweli! Katikati ya wimbo huwa nakimbia mbele ya ngoma, tangu ujana wetu, na yeye huvuta neno moja refu mpaka nirudi kwenye mstari. Hakuna mtu wa nje aliyewahi kulijua hilo. Lilikuwa limo, chini ya bati na kutu yote.

Wimbo umekwisha. Nimekaa sakafuni naandika kwa penseli ya kuchorea vitambaa.

Mke wangu amerudi kutoka hospitali. Namwona kwa mlango. Yuko getini, kaweka mkoba chini, kaegemea nguzo. Haingii. Ananiangalia na mimi namwangalia, na mbali hivi uso wake siwezi kuusoma. Naogopa kuinuka kumwuliza habari za kule.

“Tena,” anasema mtoto.

Narudisha kanda.