Kamata Amesimama Tena

Baba Shija,

Nakuandikia nimekaa mlangoni, na mbwa wako Kamata amelala miguuni kwangu. Usicheke. Najua ulivyozoea kunisikia nikimfukuza jikoni kwa mwiko.

Tangu tukuzike mengi yamebadilika. Kule msituni tumehama. Sasa tuko kijiji cha ujamaa karibu na stesheni ya Usoke, nyumba zimepangwa mstari, jirani akikohoa unamsikia. Maji yako karibu, na Shija anasoma. Lakini wewe hupo, na Kamata alikuwa akishinda anatazama njia. Nilikuwa nikimwona hivyo, naingia ndani.

Halafu asubuhi moja akashindwa kusimama. Kichwa kimepinda upande, macho yanachezacheza, akijaribu kutembea anazunguka kama pia, anaanguka, anatapika. Watoto wakapiga kelele, "Kichaa! Mbwa ana kichaa!" Wanaume wakaja na marungu. Siwalaumu. Unakumbuka ugonjwa huo ulivyomchukua mpwa wako.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Masanja, akaniambia, "Pole, Mama Shija, lakini huyu lazima auawe leo."

Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Shikamoo mzee, lakini ni mbwa wa marehemu. Haguswi mpaka daktari amwone."

Akawaashiria wanaume washushe marungu. "Marahaba. Basi mfunge mdomo umpeleke Tabora. Akiuma mtu, utajibu wewe."

Nikamviringisha kwenye gunia, nikamtia katika tenga, tukasafiri kwenye behewa la mizigo. Njia nzima alikuwa akitetemeka, nami nimemshikilia.

Daktari wa mifugo, mtu mpole, alimmulika macho kwa tochi. Akamkunja mguu mmoja mmoja aone kama ataunyoosha mwenyewe. Akamfungua mdomo kwa uangalifu, akamsogezea maji, na Kamata akanywa! Nilitaka kupiga vigelegele, daktari akainua mkono. "Dalili nzuri, mama, mwenye kichaa maji humshinda kumeza, lakini bado." Akavuta sikio, akanusa, akakunja uso.

"Huenda ni sikio limeoza kwa ndani, na huko ndiko mwili unakopata nguvu ya kusimama wima. Huenda pia ni uvimbe kwenye ubongo. Eksirei itanionyesha mfupa tu. Kungekuwa na chombo cha kupiga picha ubongo wenyewe, ningekujibu sasa hivi. Hakuna. Nitamchoma sindano, tungoje."

Wakamfungia peke yake. Mimi nikafikia kwa dada yako, kule Cheyo, hapo hapo Tabora, na kila asubuhi nilikwenda kumchungulia dirishani. Mume wangu, nilimwombea mbwa! Niliona kama akifa nitakuzika mara ya pili, na ile ya kwanza ilikuwa bado haijanitoka...

Asubuhi moja nikachungulia, amesimama. Ameegemea ukuta, anayumba kama mlevi, lakini amesimama. Aliponiona mkia ukaanza kupiga ukuta, pu, pu, pu. Daktari akaja nyuma yangu. "Ingekuwa kichaa, kwa siku zote hizi angekwisha kufa. Ni sikio, mama. Mpeleke nyumbani."

Nilikaa chini palepale vumbini, nikalia. Halafu nikacheka, kwa sauti, mpaka wifi, aliyekuwa amenisindikiza, akaniuliza kama nami nimeambukizwa. Tangu msiba sikuwa nimekisikia kicheko changu.

Kichwa kimebaki kimepinda kidogo. Mzee Masanja anasema, "Mbwa wako anatutazama kama hakimu asiyeamini mashahidi." Lakini nguruwe wakivamia shamba la kijiji, yeye ndiye anayewatimua, na wale wa marungu sasa wanamtupia mifupa.

Nakuahidi nitamtunza. Siku yake ikifika nitamchimbia shimo, sitamtupa porini. Na mimi nitaishi, Baba Shija. Hilo nilikuwa bado sijakuambia, kwa sababu nilikuwa bado sijaamua.

Pumzika bila wasiwasi. Huku tuko salama.

Mkeo,
Mama Shija