Nishapoa

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Keko hatujambo. Babu yako anakusalimia, bado anagombana na kuku wa jirani. Umeuliza kwa nini watu hawafunguki kwenye kikundi chako cha ushauri.

Ujanani, nilipofiwa na mtoto, niliingia kikundi cha kina mama wafiwa. Kiongozi wetu alikuwa na huruma: ukianza tu kusema, anakuwahi, "Pole, mama." Nawe, kwa adabu, unajibu, "Nishapoa." Zamu inahamia kwa mwingine.

Siku moja hakuja, nafasi yake ikashikwa na Mwanaidi, mtu asiye na maneno mengi. Nilisema kidogo, nikasubiri pole. Haikuja. Alinitazama tu.

Nikajikuta nasema, "Sijapoa."

Wenzangu wote wakasogeza mikeka karibu yangu.

Bibi yako