Draiva ya Printa ya Mwalimu Akello

Mjukuu wangu Achieng',

Salamu zako zimetufikia hapa Nsambya, nasi tu wazima. Goti la babu yako limepona, sasa anakwenda sokoni bila fimbo.

Umeniuliza kama uondoe kwenye kernel mnayoitunza, kile kiini cha mfumo wa kompyuta, draiva za zamani, yaani programu za kuendesha vifaa, ambazo bado zinafanya kazi. Nilipokuwa bado kazini nilitunza kompyuta za shule ya wasioona, Old Kampala. Mwalimu Akello, naye mwenyewe haoni, alichapa mitihani kwa printa ya nukta nundu. Siku moja niliweka toleo jipya la mfumo, printa ikanyamaza. Draiva yake ilikuwa imeondolewa.

Nilirudisha toleo la zamani, watoto wakafanya mtihani, kisha nikawaandikia watunzaji wa kernel kwa hasira. Mmoja akajibu kwa upole: "Tulidhani hakuna anayeitumia, na sisi hatuna kifaa hicho. Mtatusaidia kuijaribu?"

Nikamsomea Mwalimu Akello jibu hilo. Akacheka. "Kumbe hawakujua tuko! Waambie tuko, na tutajaribu."

Draiva ikarudi. Kila toleo jipya lilipotoka, yeye alipapasa karatasi ya kwanza, nami nikawaandikia majibu. Miaka baadaye walituarifu mapema kwamba inaondoka kabisa. Tulikuwa tumeshapata printa nyingine. "Sasa waitoe," Akello akasema, "wamechoka nayo."

Kwa hiyo ondoa, mama, usiogope. Ila tangaza kwanza, usubiri kidogo, maana mtu ambaye kifaa chake hakimsumbui hana sababu ya kukuandikia.

Nyanya yako akupendaye